Dobi Mkuu Anakwenda Nyumbani kwa Rasiberi za Manjano

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa kumi kamili jioni, Dobi Mkuu wa hospitali yetu atavua aproni, ataikunja mara nne, kisha ataitia kwenye kapu la nguo chafu hata kama haina tone la uchafu. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya utumishi. Uongozi ulimwomba aongeze mwaka mmoja. Alijibu kwa barua ya mistari miwili. Wa pili ulisema anatanguliza shukrani. Wa kwanza ulisema nyumbani kwake kuna matunda yanaiva, na yeye hawezi kuwa sehemu mbili kwa wakati mmoja.

Afisa utumishi aliisoma barua hiyo mara mbili, akashuka hadi kwetu kuniuliza kama mzee anatania. Nilimjibu kwamba tangu nimfahamu, mzee ametania mara moja tu, na siku hiyo alikuwa na homa. Mimi ni msaidizi wake, huu ni mwaka wa kumi na nne. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu namjua kuliko wengine, na pia, nadhani, kwa sababu sehemu kubwa ya kisa cha matunda hayo ni kosa langu.

Alianza kama mchambuzi wa nguo chafu, cheo ambacho hakuna anayekigombea. Chumba cha kufulia kiko nyuma ya jiko, ngazi tisa kwenda chini, na kina mashine tatu. Mbili zinafanya kazi. Ya tatu tunaiita Mjomba, kwa kuwa hukaa kimya wiki nzima halafu huamka kwa makelele ikitaka kuhudumiwa. Mzee aliikuta Mjomba hapo na anaiacha hapo, na naamini ndiyo kitu pekee cha idara kilichowahi kumshinda. Ndani ya miaka minne alikuwa mkuu wa zamu. Ndani ya tisa alikuwa Dobi Mkuu, na mashuka yakaanza kurudi wodini yakiwa na idadi ileile iliyotoka, jambo ambalo wauguzi wa zamani wanasema lilileta mshtuko.

Hospitali nzima inamwita Mzee Doa. Jina hilo alilipata kwa haki. Analisoma doa kama wengine wanavyosoma gazeti: lilianzia wapi, limekaa siku ngapi, aliyelimwaga alikuwa na haraka au la. Mwaka mmoja alipeleka taarifa rasmi kwa Muuguzi Mkuu kwamba katika wodi ya tatu kuna mtumishi anakunywa chai ya maziwa juu ya kitanda cha mwisho karibu na dirisha, kila Jumanne, na kwamba mnywaji anatumia mkono wa kushoto. Muuguzi Mkuu, ambaye anatumia mkono wa kushoto, aliishukuru idara kwa umakini wake na mjadala ukafungwa. Jumanne zikawa safi.

Sisi tuliofanya kazi chini yake tumelelewa kwa kanuni mbili. Ya kwanza: pembeni kwanza. Kabla hujaweka dawa yoyote kwenye doa, ijaribu kwenye pindo ambalo hakuna atakayeliona. Ya pili: ukiwa na shaka, fua yote. Shuka likichanganyika na mengine na hujui lipi safi lipi chafu, usisimame kulikodolea macho. Yote yanaingia kwenye mashine. Kanuni hizi zimeandikwa ukutani kwa rangi ya bluu, na wageni wa ukaguzi huzipiga picha. Naomba msomaji azikumbuke zote mbili, kwa sababu ya kwanza ilimletea mzee faraja na ya pili niliitumia mimi.

Sasa nyumbani kwake. Nyuma ya nyumba, kati ya tangi la maji na kamba ya kuanikia nguo, kuna kiwanja cha hatua kumi na mbili kwa saba. Mwenye kiwanja ni mkewe. Mkewe alikuwa fundi cherehani, tena fundi hasa, wa wale wanaoshona kola wakizungumza na wewe bila kuangalia chini. Miche ya kwanza ya rasiberi nyekundu aliletewa na mama mmoja mwenye kitalu cha maua na matunda, ambaye alifurahishwa na gauni alilomshonea. Kwa wasioijua rasiberi: ni tunda dogo lenye vichembe vingi vilivyoshikana, na ukilichuma katikati linabaki na shimo. Mkewe alilivika kwenye ncha ya kidole kama kastabani ya kuzuia sindano, akasema hili tunda limetengenezwa kwa ajili ya fundi, na tangu siku hiyo uamuzi ukawa umepita.

Mzee alipinga. Ni lazima tumwelewe. Mtu anashinda kutwa anapambana na madoa, halafu nyumbani anapandiwa doa, linamwagiliwa, linawekewa samadi. Kwa misimu minne ya mwanzo alilitazama tuta lile kwa jicho la mwenye nyumba aliyeletewa mpangaji asiyemtaka. Hata hivyo alikula, tena bakuli zima, akiwa amevaa aproni ya kazini.

Kisha msimu mmoja bakuli likaanza kurudi nusu. Mkewe alikuwa akitoka asubuhi kuchuma, na tuta lililozoea kutoa bakuli linalomwagika likawa linatoa konzi mbili tatu. Mzee aliwashtaki ndege. Akatandaza wavu mzuri ajabu, wenye pindo. Bakuli likaendelea kurudi nusu. Ndipo alipoinama mwenyewe na kukuta matunda yako palepale, mekundu, yameiva hadi yanadondoka, yamejificha kati ya majani. Alimuuliza mkewe mbona ameyaacha. Mkewe akamjibu, "Hayo? Hayajaiva bado." Mzee, ambaye anaweza kutofautisha aina kumi na saba za weupe, aliyatazama matunda mekundu, akamtazama mkewe, na wiki hiyohiyo akamleta hospitali.

Daktari wa macho wa hapa kwetu aliwaeleza wote wawili bila kuzunguka. Sehemu ya katikati ya jicho inachakaa. Miwani haitairudisha, na dawa zilizopo zitaichelewesha kidogo tu. Vitu vya kwanza kupotea ni vile ambavyo havipishani sana na vilivyo nyuma yake, kwa hiyo tunda jekundu kwenye majani ya kijani linakuwa kitu kimoja na majani. Alikadiria misimu mitatu, labda minne, na akasema hawezi kuahidi.

Mkewe alifunga cherehani na kuitandikia kitambaa. Hakulia mbele ya mtu. Alitoa sharti moja tu, na mzee alinieleza tukiwa tunakunja mashuka, macho yake yakiwa kwenye shuka. Hataki kushikwa mkono kupelekwa kwenye tuta lake. Hataki kuambiwa nyoosha mkono, hapo, hapana, kushoto kidogo. Maadamu ana jicho linaloona, atachuma mwenyewe, na siku atakaposhindwa basi wang'oe.

Mzee akafanya lile analolijua. Pembeni kwanza. Alikwenda kwa mama wa kitalu akachukua miche ya rangi zote alizokuwa nazo, mitatu mitatu: nyeusi, zambarau na manjano. Akaipanda mwishoni mwa tuta, penye ukuta, na hakumwambia mkewe kwamba ni jaribio. Matunda yalipoanza kuiva, akamwita aje kuangalia. Za zambarau mkewe alizipita kana kwamba ni majani tu. Nyeusi aliziona penye jua akazipoteza penye kivuli, na tena rasiberi nyeusi ikiwa mbichi huwa nyekundu, kwa hiyo alichuma mbichi na mbivu pamoja na kinywa kikamkunjamana. Kuhusu manjano mzee hakupata nafasi hata ya kumwita. Mkewe alifungua mlango wa jikoni asubuhi moja, hatua sita kutoka hapo, akasimama, akauliza, "Nani katundika vifungo huku nje?"

Mzee alikuja kazini siku hiyo amechelewa dakika arobaini. Kwenye daftari la mahudhurio, safu ya sababu, aliandika: furaha. Afisa utumishi wa wakati huo alimtaka aeleze kwa kirefu. Mzee alirudi kwenye mashine.

Za zambarau na nyeusi aliziondoa na kuzigawa kwa wafanyakazi wenzake, na ndiyo maana Muuguzi Mkuu ana za zambarau nyumbani kwake na ameshawahi kuleta shati la mumewe lenye doa hapa kwa siri. Nyekundu aliziachia kona. Manjano zikapewa mstari mzima, nguzo tano na waya mbili zilizonyooka kama kamba za kuanikia, kwa sababu hizo ndizo waya pekee anazojua kufunga. Nyekundu hazikukubali kona. Rasiberi hutembea chini kwa chini. Mizizi yake inachipukia pale ambapo hukuialika. Kila Jumamosi mzee alipita kwenye mstari akiling'oa kila chipukizi jekundu, kwa hasira ileile anayokuwa nayo akikuta soksi nyekundu kwenye mashine ya nguo nyeupe. Mkewe akawa anachuma. Bakuli likarudi kujaa.

Hapo ndipo ninapoingia mimi.

Mwaka jana mzee alilazwa hapahapa kwa upasuaji wa ngiri. Alilala juu ya mashuka yake mwenyewe na kutuma malalamiko matatu kuhusu namna yalivyokunjwa. Ilikuwa msimu wa baridi, wakati wa kupogoa, na daktari alimkataza kuinama kwa wiki sita. Akaniita kitandani akanipa maelekezo. Rasiberi hutoa fito kutoka chini kila mwaka. Zilizokwisha kuzaa zimemaliza kazi, hizo kata. Changa ziache, ndizo za mwaka kesho. Nikamwambia nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa.

Jumamosi nikafika na mkasi mkubwa. Sasa, wakati wa baridi majani yote huwa yamepukutika. Fito kuukuu zilikuwa za kahawia. Fito changa nazo zilikuwa za kahawia. Nilizikagua kwa karibu, nikazikwaruza kwa ukucha, nikarudi nyuma nikazitazama kwa mbali. Kadiri nilivyotazama ndivyo zilivyofanana. Nilikuwa na shaka, na mimi nimelelewa na Mzee Doa kwa miaka kumi na tatu. Nikakata zote.

Nilizikata sawasawa na ardhi, nikazifunga kumi kumi kama tunavyofunga foronya, nikafagia. Mkewe aliniletea chai, akausogelea mstari, akapapasa waya zilizokuwa tupu, akasema kumekuwa safi. Mimi nilidhani ananisifu. Alikuwa ananiamini tu, kwa sababu hakuweza kuona nilichofanya.

Nilimpelekea mzee taarifa wodini kwa kujivuna. Aliniuliza, "Zote?" Nikasema zote, mzee, na nimezifunga kumi kumi. Alitazama dari kwa muda unaotosha mashine kusuuza. Halafu akaniambia pembe ya shuka lake haijachomekwa vizuri.

Baada ya hapo hakuzungumza nami lolote lisilo la kazi kwa miezi minne. Wengi hawakugundua, kwa sababu hata kabla ya hapo alizungumza nami kazi tu. Mimi niligundua. Daktari wa macho alikuwa amempima tena mama yetu, mke wa mzee, na kusema jicho la kulia limeshakwenda na la kushoto linafuata. Mtu amebakiwa na misimu miwili ya kuona, na mimi kwa mkasi na unadhifu wangu nimemkatia mmoja. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani, na naiandika hapa kwenye jarida la wafanyakazi kwa kuwa sijawahi kupata nafasi ya kuisema mdomoni.

Nilikwenda kwa mama wa kitalu kuungama. Alicheka kwanza, kisha akaniuliza ni manjano ipi. Sikujua kama ziko mbili. Akanieleza kwamba iko inayozaa kwenye ufito wa mwaka wa pili tu, na hiyo ukiikata yote umekosa mwaka. Na iko nyingine ambayo ufito ukichipua leo unazaa mwaka huohuo, mwishoni mwa msimu, juu kwenye ncha. Hiyo ya pili ukiikata yote hujaiua, umeichelewesha. Nikamuuliza mzee alichukua ipi. Akasema hakumbuki, mvua ilikuwa imefuta vibao.

Nilimfikishia mzee habari hiyo neno kwa neno. Alifikiri sana. Ilibainika kwamba kila mwaka, fito changa zilipopita waya wa juu, alikuwa akizikata ncha ili zilingane, kama anavyolinganisha ncha za mashuka kabla ya kukunja. Kama zingewahi kuzaa nchani, yeye angekuwa mtu wa mwisho kujua. Hakusema amekosea. Aliniagiza nilete samadi Jumamosi, magunia mawili, na nikajua angalau nimerudishwa kwenye orodha ya watu.

Tukangoja. Machipukizi yalitoka mengi, yote kwa pamoja, yakapanda juu kwa urefu mmoja. Ulipofika mwezi ambao manjano zilizoea kuiva hapakuwa na hata ua. Mzee aliniambia kwamba mkewe alikuwa akitoka na bakuli kila asubuhi kama kawaida, anatembea mstari mzima, anarudi na bakuli tupu, analiosha, analirudisha kabatini. Kuliosha, alisema mzee, ndiko kulikokuwa kunamuumiza. Wiki zikapita saba. Kisha, mwanzoni mwa mwezi uliopita, mzee alishuka ngazi zote tisa bila kushika ukuta, akasimama mbele yangu na kunijulisha kwamba kuna maua. Alitoa taarifa hiyo kwa sauti anayotumia kutangaza kwamba sabuni imeisha. Wiki hiyohiyo barua ya uongozi ya kumwomba aongeze mwaka ilifika mezani kwake, na majibu mnayajua.

Jumamosi iliyopita alinialika nyumbani. Sikuambiwa kwa nini. Niliwekwa kando ya tangi la maji na kuagizwa nisisogee. Mzee mwenyewe alisimama kwenye mlango wa jikoni, mikono ameibana kwapani, kwa sababu alikuwa amekatazwa kusaidia na hakuiamini. Mkewe akatoka na bakuli.

Lazima nieleze kitu ambacho hakuna kati yetu aliyekipanga. Zamani matunda yalikuwa yakizaliwa chini na katikati, ndani ya majani. Safari hii, kwa kuwa fito zote zilikuwa za mwaka huu, yalizaliwa juu kabisa, usawa wa kifua, nje ya majani, penye mwanga wote wa asubuhi. Mstari mzima ulikuwa na ukanda wa manjano kuanzia nguzo ya kwanza hadi ya tano. Hata mimi niliyezoea nguo nyeupe ilibidi nikunje uso.

Mkewe alisimama kwenye nguzo ya kwanza. Akageuza kichwa kidogo upande, kama anavyofanya sasa ili kutumia lile jicho la kushoto. Akanyoosha mkono na kuchuma. Hakupapasa. Akachuma la pili na la tatu, akasogea, akachuma kwa vidole viwili kama mtu anayetoa pini kwenye kitambaa. Alipita nguzo zote tano na hakuna aliyemwambia kushoto wala kulia. Ilimchukua nusu saa na zaidi kidogo. Alipofika mwisho bakuli lilikuwa limejaa hadi matunda yanaporomoka, na yaliyobaki kwenye mstari niliyahesabu mimi: yalikuwa manne. Mzee aliyaona pia. Hakuyagusa, na mpaka naondoka yalikuwa bado yapo.

Aliporudi kuelekea mlangoni akasimama na kuuliza ni nani yule mwenye shati jeupe pale kwenye tangi. Mzee akamwambia ni yule aliyezikata. Nilitamani kuingia ndani ya tangi. Mama akageuza kichwa upande tena, akanitazama kwa muda, akasema, "Mwambie na mwaka huu akate zote."

Mzee aligeukia ukuta. Alijifanya anakagua bawaba ya mlango, ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Huyu ndiye mtumishi anayetuaga. Ametuachia mashuka yenye idadi kamili, wodi zisizo na chai kitandani, kanuni mbili ukutani, ambazo ya pili ameniagiza niiongezee maneno "isipokuwa bustanini", na Mjomba. Daktari anasema huenda msimu mmoja zaidi, huenda miwili. Msimu wa manjano ni wiki sita. Kwa mtu anayejua kuhesabu kama yeye, kukaa nasi mwaka mwingine haikuwa hesabu ya kufikiria mara mbili, na sisi tuliotaka abaki tunamwomba radhi kwa kumwomba.

Mzee wetu, ahsante kwa miaka yote hiyo. Nenda ukasimame mlangoni pako, mikono kwapani. Tunakuombea bakuli lijae na mchumaji awe ni yeye mwenyewe, msimu huu, na ujao, na ile mingine ambayo daktari hakuihesabu.